Nyumbanitu na misitu ya matambiko ya nyanda za Njombe

Msitu wa matambiko ni eneo la miti ya asili ambalo jamii imeliacha bila kulima wala kukata, kwa kuwa linahesabiwa kuwa makao ya mizimu, kaburi la mtawala wa kale au mahali alipopita shujaa anayeheshimiwa kama mungu. Katika nyanda za juu za Njombe, kuanzia Makambako na Wanging'ombe hadi milima ya Upangwa inayoizunguka Lugarawa wilayani Ludewa na ile ya Ukinga wilayani Makete, misitu ya namna hii kwa kawaida ni midogo. Hata hivyo hujitokeza wazi, kwa sababu sehemu kubwa ya nchi inayoizunguka imegeuka mashamba ya mahindi, viazi na chai, pamoja na miti ya kupandwa, yaani miwati inayolimwa kwa ajili ya maganda ya kutengenezea ngozi na misindano inayopasuliwa mbao.

Msitu unaojulikana zaidi katika eneo hili ni Nyumbanitu, uliopo katika kijiji cha Mlevela, wilayani Wanging'ombe, ambako ndani ya miti mna pango. Jina hilo kwa Kibena, lugha ya wenyeji wa huko, humaanisha nyumba nyeusi. Wabena husimulia kwamba wazee wao walijificha humo wakati wa vita, wakiwa na watoto na mifugo, na kwamba adui alipita karibu bila kuwaona. Husimuliwa pia kwamba msituni wamo kuku weusi wasiofugwa na mtu yeyote, na katika masimulizi mengine hutajwa ng'ombe weusi, ambao huonekana na kutoweka kwa hiari yao wenyewe. Sehemu ya kwanza ya simulizi hizi ina mizizi katika historia inayofahamika vizuri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Ubena ulikuwa njia na uwanja wa vita vya majirani wenye nguvu, yaani Wasangu, Wahehe chini ya Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa, na Wangoni waliotoka kusini. Vita vinavyokumbukwa kwa jina la Mgodamtitu vilipiganwa ndani ya nchi ya Wabena wenyewe. Kwa watu walioishi kati ya majeshi hayo, pango lililofichwa na msitu mnene lilikuwa ngome ya kweli kabla ya kuwa mahali pa ajabu, na si vigumu kuona jinsi shukrani kwa msitu ulioficha watu ilivyogeuka kuwa katazo la kuugusa.

Mgeni haingii katika msitu wa aina hii peke yake. Desturi humtaka aonane kwanza na wazee wa mila, yaani watu wa ukoo au wa kijiji waliokabidhiwa wajibu wa kusema na mizimu, ambao humtangaza mgeni kwa wenyeji wasioonekana kabla ya kumwongoza. Hakati mti, haokoti kitu cha kuondoka nacho, hatoi matusi wala dhihaka, na akikutana na jambo asilolielewa hutakiwa kunyamaza. Adhabu inayotajwa kwa anayekiuka ni kupotea njia ndani ya msitu ambao kwa macho ya nje unaonekana mdogo mno kumpoteza mtu. Masharti haya ndiyo kiini cha jambo lote kuliko hadithi zenyewe, kwa kuwa hadithi hubadilika kutoka msimulizi mmoja hadi mwingine, ilhali kanuni kwamba msitu una mwenyewe, na kwamba hauingiwi bila hodi, haibadiliki.

Msitu wa matambiko ulioandikwa kwa kina zaidi katika ukanda huu haupo Njombe bali ng'ambo ya Milima ya Livingstone, huko Lubaga katika Unyakyusa, ingawa asili yake inahusishwa na Ukinga. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyokusanywa na Godfrey na Monica Wilson katika miaka ya 1930, na kuchapishwa na Monica Wilson mwaka 1959, watawala wa Wanyakyusa waliteremka kutoka milima ya Wakinga, na miongoni mwao alikuwemo Lwembe, ambaye kijisitu cha Lubaga kiliwekwa wakfu kwake. Kila kizazi kilikuwa na Lwembe aliye hai, mrithi wa shujaa huyo, na afya yake iliaminika kuwa ndiyo afya ya nchi: mvua, ng'ombe na uzazi vilitegemea mwili wake. Kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa kama watu wengine. Alipodhoofika, makuhani waling'oa nywele na kucha zake ili rutuba isiondoke naye, kisha wakaziba pumzi yake. Haishangazi kwamba, kama kumbukumbu hizo zinavyoeleza, walioteuliwa kushika cheo hicho walikiogopa. Makuhani wa Kikinga nao walishuka milimani kwenda kutambika, wakileta majembe ya chuma, bidhaa ambayo Wakinga na Wapangwa walisifika kwa kuifua.

Desturi kama hii si ya Kiafrika peke yake. Katika India, Wahindu wamehifadhi maelfu ya misitu midogo ambayo kila mmoja ni mali ya mungu au mungu wa kike fulani: katika Maharashtra huitwa devrai, katika Kodagu devara kadu, na katika Kerala kavu, ambayo baadhi yake ni makao ya nyoka watakatifu. Ipo pia misitu ya hija inayotajwa katika vitabu vyao vya dini. Naimisharanya, katika jimbo la Uttar Pradesh, ndiko wahenga walikokusanyika kusikiliza masimulizi marefu ya utenzi wa Mahabharata na ya Purana, yaani vitabu vya visasili. Huko Vrindavan, kijisitu cha Nidhivan hufungwa kila jioni, kwa kuwa huaminika kwamba usiku mungu Krishna hucheza humo na wachungaji wa kike na kwamba atakayechungulia atapata wazimu au upofu. Katazo hilo lingeeleweka bila maelezo Mlevela. Hata hivyo, heshima hiyo haikuwa ya misitu yote, kwani Mahabharata hiyohiyo inaeleza jinsi Krishna na shujaa Arjuna walivyomsaidia Agni, mungu wa moto, kuuteketeza msitu wa Khandava pamoja na viumbe wake.

Wahindu waliohamia Afrika Mashariki walijenga mahekalu, kama yale yaliyopangana katika mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam, na katika nyumba zao wakapanda tulasi, mrihani mtakatifu unaohusishwa na mungu Vishnu. Tulasi huweza kuhamishwa katika chungu, lakini msitu wa mungu umefungwa na ardhi yake na hauhamishiki. Jambo hilohilo huonekana kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambao waliacha kuishi katika makaya yao, yaani vijiji vyenye ngome ndani ya msitu, lakini wakaendelea kuyarudia kwa maziko na matambiko. Sehemu ya makaya hayo iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa shuka nyeusi kiunoni kabla ya kuongozwa ndani.

Katika nyanda za Njombe, Ukristo uliopokewa tangu wamisionari wa Kijerumani walipofika mwishoni mwa karne ya 19 ulipunguza matambiko ya wazi, na thamani ya mbao imeongeza tamaa ya ardhi, ingawa waumini wengi wa makanisa bado hawathubutu kupeleka shoka mahali walipozikwa watawala wa zamani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi na kuusimamia kupitia kamati yake na mpango ulioandikwa. Ulinzi huo wa kisheria una manufaa dhidi ya mtu wa nje anayetaka kupasua mbao, lakini unahamisha funguo za msitu kutoka kwa mzee wa ukoo, ambaye hakuchaguliwa na mkutano wowote, hadi kwa wajumbe wanaobadilishwa kwa kura. Mahali ambapo pande zote mbili zinapatana, mgeni hupewa kibali na ofisi ya kijiji, kisha hungojea mpaka mzee apige hodi msituni kwa niaba yake.