Kabla ya Pikipiki: Lojing za Mpakani na Historia ya Boda Boda

Kuna video zimejaa kwa simu yangu siku hizi. Watu wako kwa lojing ndogo ya mbao huko Ulaya kwenye theluji, vyumba havifiki kumi, wageni wote wanakula meza moja. Asubuhi mwenye lojing anawapakia kwa gari lake hadi mlimani wakateleze, jioni anawarudisha. Marafiki zangu wa Nairobi wakiona hivyo wanasema hayo ndiyo maisha. Sawa. Lakini wasee wa Malaba na Busia, si hiyo biashara tunaijua? Toa theluji uweke vumbi, toa mlima uweke geti la kastamu, na pale penye gari weka baiskeli ya Black Mamba. Tumeifanya kitambo sana.

Ndiyo maana mtu akiniambia historia ya boda boda ni historia ya pikipiki, namwambia akae chini kwanza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo siwezi kukuletea maneno ya profesa. Nitakuletea miaka, na yale niliyoyaona nyumbani. Hoja yangu ni moja: boda boda ilizaliwa kumhudumia mgeni aliyefikishwa mpakani na kuachwa hapo, na huwezi kuisimulia vizuri ukiwaacha nje waliompa huyo mgeni kitanda.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi 1902, Kisumu na hata Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda. Kwa hivyo Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, jina lake halikuwa uongo. Ilikuwa imefika Uganda kweli. Mwaka uliofuata Waingereza wakahamisha mkoa wote wa mashariki wa Uganda ukawa upande wetu. Mstari ukapita katikati ya Wateso na Wasamia, mtu na binamu yake wakajikuta nchi mbili. Baadaye reli nyingine ikapita Eldoret, ikavukia Malaba kwenda Tororo, na kufikia 1931 treni ilikuwa inaingia Kampala.

Wakati huo mkoloni alikuwa mmoja pande zote mbili, mpaka ukawa mwepesi. Uganda ilipata uhuru 1962, Kenya 1963, na polepole geti likaanza kuwa geti. Busia, kati ya geti la Kenya na lile la Uganda, kulikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Gari kuvuka linahitaji makaratasi. Basi linakushusha upande huu, lingine linakungoja upande ule, na wewe uko katikati na mabegi, mtoto mgongoni, na jua la saa saba.

Vijana wakaona kazi hapo. Katika miaka ya 1960 wakaanza kubeba watu kwa baiskeli, karia ya nyuma imewekwa mto, huku wakiita "boda, boda!" yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Mimi ni mtu wa Malaba na ningependa sana kusema ilianza kwetu, lakini simulizi inayokubalika zaidi inaipa Busia. Wacha wachukue.

Sasa hapa ndipo watu wengi huruka sehemu muhimu. Mgeni aliyefika mpakani saa mbili usiku hakuvuka usiku huo. Dreva wa lori aliyetoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, alifika akakuta ofisi zimefungwa au karatasi moja haijagongwa muhuri. Angengoja kesho, keshokutwa, wakati mwingine wiki. Alilala wapi? Alilala kwa lojing ndogo, nyumba ya mabati yenye ua katikati.

Nyanya yangu aliendesha moja ya hizo tangu miaka ya themanini. Vyumba sita, beseni la maji moto asubuhi, na chakula kimoja kwa wote: ugali, kuku au samaki, na mboga. Jioni wageni walikaa uani, dreva, taniboi, mama wa mitumba, mchuuzi wa samaki. Jirani Mteso akiwa na ajon, chungu kiliwekwa katikati na kila mtu akapewa mrija wake. Mtu wa Kigali na mtu wa Voi walijuana hapo. Habari za barabara zilitoka hapo pia: daraja gani limebomoka, dola inabadilishwa vipi, afisa gani yuko zamu.

Na nyanya alikuwa na vijana watatu wa baiskeli. Hakuwaajiri. Lakini mgeni akisema, "Mama, kesho navuka saa kumi na mbili," kijana alikuwa mlangoni saa kumi na moja na nusu. Bei aliitaja nyanya, ikawa hiyo. Begi likipotea, mgeni hakumtafuta kijana, alimrudia nyanya. Kijana aliyemtia aibu hakupewa mgeni tena, na habari zake zilifika kwa akina mama wa lojing zingine kabla ya chakula cha mchana. Leo ukifungua programu ya SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, unaona jina la dereva na nyota zake. Hizo nyota ndizo kazi aliyoifanya nyanya bure, bila intaneti.

Miaka ya sabini ilifanya kazi hiyo iwe nzito zaidi, hata kabla yake kuingia. Amin alichukua Uganda 1971. Mwaka 1976 alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kahawa na sukari zikavuka kwa magendo, na watu wakavuka wakikimbia. Wazee wa huku wanasimulia kwamba kujua nani wa kumwamini kumpokea mgeni usiku lilikuwa jambo la uhai. Hapo mwenye nyumba hakuuza kitanda tu, aliuza neno lake.

Pikipiki zilikuja baadaye, Kampala kwanza miaka ya 1990, kisha Kenya zikafurika mwishoni mwa miaka ya 2000. Jina likasafiri hadi Nairobi, Kigali na mbali zaidi, likaacha mpaka nyuma. Halafu Februari 2018 Uhuru na Museveni wakazindua kituo cha pamoja Busia. Sasa unasimama mara moja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili, unaendelea. Mimi sipingi. Lori likikaa siku tatu, bei ya bidhaa inapanda na sisi ndio tunalipa. Lakini mgeni asiyelala hahitaji mwenyeji, na vyumba vya nyanya vikaanza kukaa vitupu.

Tukaona maana yake Korona ilipofika 2020. Foleni ya malori kutoka Malaba ikawa makumi ya kilomita, na Januari 2022 ikarudi tena. Madreva walilala chini ya malori, na watu waliwaogopa kama vile wao ndio ugonjwa. Nyanya alikuwa akiweka chai kwenye jiwe nje ya geti, anarudi nyuma, dreva anachukua. Kituo cha kisasa kilikuwepo. Aliyemuuliza dreva kama amekula ni bibi wa miaka sabini na kitu.

Sasa binamu zangu wanataka vyumba vyote sita viwe stoo ya spea za pikipiki. Pesa inaeleweka. Mimi nimeomba viwili vibaki, na vile vitabu vya wageni, majina ya miaka thelathini kwa kalamu ya bluu, visichomwe. Tumepanga kikao cha familia mwezi ujao. Wakati huo nampiga nyanya picha na kumrekodi sauti kila Jumapili.

Kama babu yako aliwahi kuwa dreva wa masafa, kabla hujamuuliza aliendesha lori gani, muulize alilala kwa nani mpakani, na nani alimvusha asubuhi.