Toleo: Namba, Kifurushi na Ahadi

Toleo ni hali ya programu iliyopewa namba, ikafungwa na kukabidhiwa watumiaji. Wasomaji wa magazeti na kamusi wanalijua neno hili tangu zamani. Katika kompyuta limebeba mambo mawili: namba inayoitambulisha programu na tendo lenyewe la kuitoa. Ni vyema tuseme “namba ya toleo” kwa la kwanza na “utoaji wa toleo” kwa la pili, kwa sababu namba huandikwa kwa sekunde chache, ilhali utoaji una hatua zake.

Tuchukue mfano wa programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongeza uwezo, ya Visual Studio Code, kihariri cha msimbo kilichotambulishwa na Microsoft mwaka 2015. Kwanza ni kujenga: msimbo wa TypeScript hugeuzwa kuwa JavaScript. Pili ni kufunga: amri ya vsce package hukusanya mafaili na kutoa kifurushi kimoja cha .vsix. Tatu ni kuchapisha: vsce publish hupeleka kifurushi kwenye soko la programu-jalizi.

Kati ya kufunga na kuchapisha ndipo penye kazi ya uangalifu. Mafaili yaliyotajwa katika faili la .vscodeignore hayaingii kwenye kifurushi. Likiachwa faili linalohitajika, programu itafanya kazi vizuri kwenye folda ya mtengenezaji na kugoma kwa mtumiaji. Kwa hiyo kinachopaswa kusakinishwa na kujaribiwa ni kifurushi chenyewe.

Namba nayo ina kanuni. Kutoka 1.4.2 kwenda 1.4.3, hitilafu zimerekebishwa. Kwenda 1.5.0, kuna uwezo mpya usiovuruga uliokuwapo. Kwenda 2.0.0, kuna badiliko linaloweza kumlazimu mtumiaji abadili mipangilio au mazoea yake. Kwa kawaida kihariri hiki husasisha programu-jalizi chenyewe, hivyo wengi hupokea toleo jipya bila kuliomba. Anayeficha badiliko kubwa ndani ya namba ndogo huwavurugia kazi watu waliomwamini.

Namba ikishachapishwa haichapishwi tena ikiwa na kifurushi kingine. Kosa hurekebishwa kwa toleo linalofuata. Ndiyo maana kumbukumbu ya mabadiliko iandikwe kwa lugha inayoeleweka: nini kimeongezwa, nini kimeondolewa, na mtumiaji afanye nini. Waandaaji programu wetu waiandike kwa Kiswahili pia pale watumiaji wao wanapokisoma.