Baridi ya Mitamba: Mwindaji, Nguo na Moto katika Historia ya Nyangwe

1. Utangulizi

Msomaji wa historia ya Nyangwe amezoea kukutana na pembe za ndovu, bunduki, mitumbwi na watumwa. Ni mara chache sana anapokutana na mtu anayetetemeka. Hilo si ajabu, kwani Nyangwe iko kiasi cha nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba, katika sehemu ya kusini ya Maniema zilipo pia Kasongo na Kabambare. Hakuna theluji huko, wala hakuna mlima mrefu wa kuiletea. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba baridi ilikuwa sehemu ya kazi ya uwindaji na ya safari za pembe katika nchi hiyo. Aidha, tunadai kwamba swali la nani aliyepata joto, kwa kitu gani na kwa jasho la nani, linatufunulia jambo ambalo hesabu ya frasila za pembe haiwezi kutufunulia.

Tutatumia zaidi maandishi ya watu wanne waliopita au walioishi huko katika nusu ya pili ya karne ya 19: Livingstone, Stanley, daktari Hinde, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye Maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili yalichapishwa upya na Whiteley mwaka 1958 na 1959.

2. Baridi ya nchi ya joto

Kwanza hapana budi tuondoe dhana kwamba baridi ni theluji peke yake. Mwili wa binadamu huanza kuingia hatarini joto lake la ndani linaposhuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, na jambo hilo laweza kutokea hata pale ambapo maji hayajawahi kuganda. Kinachohitajika ni unyevu, upepo, njaa na uchovu. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa mno kuliko hewa, kiasi cha mara 25. Mtu aliyelowa tangu alfajiri, asiye na chakula tumboni, tena aliyeketi kimya bila kujongea, hupoteza joto haraka kuliko anavyolitengeneza.

Wawindaji wa nchi za barafu wanaijua kanuni hii kwa upande wake wa pili. Wainuiti walivaa ngozi za paa wa kaskazini matabaka mawili, la ndani manyoya yakielekea mwilini, na wakajihadhari sana jasho lisiyaloweshe mavazi. Baridi yao ni kali lakini ni kavu, hivyo nguo nzuri huishinda. Baridi ya Lualaba ni hafifu lakini ni ya maji, na nguo yenyewe yaweza kugeuka kuwa adui.

Huko Maniema majira ya ukavu huwa baina ya Juni na Agosti, yaani wakati ule ule ambao watu wa pwani huuita kipupwe. Usiku mbingu huwa wazi, ardhi hupoa, ukungu hutanda juu ya mto, na kunapokucha majani yote yamebeba umande. Tukumbuke kwamba huko pwani neno umande hutaja matone ya alfajiri na pia upepo wa baridi utokao bara. Miezi mingine ni ya mvua, na msituni mvua huendelea kudondoka kutoka matawini hata baada ya mbingu kunyamaza.

Mwindaji hutoka katika saa hizo hizo za umande, kwa kuwa ndizo saa ambazo nyayo husomeka na mnyama yuko malishoni. Kazi yake ina mashaka mawili yanayopingana. Akitembea hupata joto, lakini hupiga kelele. Akingoja hunyamaza, lakini baridi humwingia. Wala hawezi kuwasha moto mahali pa kuotea mnyama, kwani moshi humtangaza kabla ya mkuki. Mkono unaotetemeka haulengi, na baruti iliyolowa haiwaki. Kwa hiyo joto la mwindaji halikuwa starehe. Lilikuwa chombo cha kazi sawa na upinde au gobori.

3. Ujuzi wa wenyeji

Watu wa Maniema walilijibu tatizo hili kwa njia ambazo wageni waliziona bila kuzipa uzito. Ya kwanza ni nyumba. Livingstone, alipofika katika nchi hiyo mwaka 1869, aliandika kwamba nyumba zilikuwa zimejaa kuni zilizopangwa juu ya rafu, na kwamba kila nyumba ilikuwa na chumba cha ndani chenye kitanda kilichoinuliwa juu ya sakafu. Kwa msafiri hiyo ilikuwa habari ya unadhifu. Kwa mtazamo wetu ni mpango kamili wa joto: kuni zilizo chini ya paa hubaki kavu hata mvua inyeshe siku nyingi, na kitanda kilichoinuliwa humtenga mlalaji na unyevu wa ardhi. Mwindaji aliyerudi amelowa alijua atakuta moto ambao haukungoja jua likaushe kuni.

Ya pili ni namna za kuwinda. Katika misitu ya bonde la Kongo mashimo yaliyofunikwa na mikuki mizito iliyotundikwa juu ya njia za wanyama vilijulikana tangu zamani. Faida ya mtego ni kwamba huwinda huku mwenyewe akiota moto. Uwindaji wa nyavu nao ulitaka watu wengi: baadhi walizilinda nyavu, na wengine wakapita porini wakiwaswaga wanyama, mara nyingi pamoja na mbwa waliofungwa njuga za mti. Kundi la namna hiyo humpa kila mmoja mwendo wake, na mwendo ni joto.

Ya tatu ni moto wenyewe kama silaha. Tarehe 24 Agosti 1870, akiwa Kabambare, mahali alipopaandika kwa jina la Bambarre, Livingstone alieleza jinsi nyasi zilivyochomwa, na soko wanne, yaani nyani wakubwa wa huko, wakafukuzwa kutoka maficho yao na kuuawa kwa mikuki uwandani. Agosti ni mwisho wa ukavu. Moto ule ule ulioota watu usiku ndio uliofungua pori mchana. Na kaskazini zaidi, katika msitu wa Ituri, Wambuti wamejulikana kwa desturi ya kubeba makaa yaliyofungwa majanini wanapohama kambi. Mwenye kubeba moto hahitaji kuupekecha katika kuni mbichi.

Ya nne ni nguo. Katika Maniema kulifumwa nguo za nyuzi za mwale, ambazo watu wa misafara waliziita viramba. Zilivaliwa, zilitolewa kwa heshima, na zilitumika kama fedha. Kwa maneno mengine, kilichomsitiri mtu ndicho pia kilichomnunulia haja zake.

4. Merikani msituni

Watu wa pwani nao walikuja na nguo, na kwao pia nguo ilikuwa fedha. Merikani ilitoka katika viwanda vya Marekani kwa njia ya wafanyabiashara wa Salem, na kaniki ilitoka Bara Hindi. Zote zilipimwa kwa mikono: shuka mikono 4, doti mikono 8. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliipunguza sana merikani sokoni Unguja, lakini pamba haikukoma kwenda bara, na katika miaka hiyo ya 1860 Waungwana walikuwa wakijisogeza kuelekea Lualaba.

Pamba ni nguo njema juani. Ikilowa hunywa maji, huganda mwilini na kuuibia joto. Mavazi ya sufu, yaani joho na bushuti, huhifadhi joto hata yakilowa, lakini hayo yalikuwa mavazi ya wakubwa. Mpagazi na mwindaji wa kawaida hawakuwa nayo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Novemba 1876. Stanley aliondoka Nyangwe tarehe 5 ya mwezi huo akifuatana na Hamed bin Muhammed, aliyekubali kumsindikiza hatua 60 kwa reale 5,000. Walipoingia katika msitu walioujua kwa jina la Mitamba, Stanley aliandika kwamba kila jani lilidondosha matone juu yao, na nguo zao zikawa nzito kwa maji. Hamed mwenyewe, katika Maisha, anataja msitu ambao jua halionekani kwa ukubwa wa miti, ila penye mashamba au vijiji. Siku zisizozidi kumi na mbili baadaye alitaka kuuvunja mkataba. Kwa mujibu wa Stanley, sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba hewa ya msitu ilikuwa ikiwaua watu wake.

Tuyatafakari maneno hayo. Msemaji hakuwa mtu wa kuogopa vita, na watu wake walikuwa na bunduki kupita jirani zao wote. Lakini bunduki haikauki kwa kuwa ni nyingi, na baruti haimpi mtu joto. Kilichowashinda katika siku hizo za mwanzo hakikuwa jeshi. Kilikuwa ni unyevu, giza na ndwele. Wakati huo huo watu wa msitu waliishi humo humo, kwa nyumba zao, kuni zao na mitego yao. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Twaweza kuongeza kwamba msituni haimtii mtu joto pia.

5. Joto la nani?

Iwapo msafara haukuja na joto lake, ulilipata wapi? Jibu ni vijijini. Mara nyingine ulilinunua, kwa kulipia chakula na malazi. Mara nyingine uliliteka. Hapa ndipo historia ya baridi inapoungana na historia ya dhuluma.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa Dugumbe waliwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuwa sokoni Nyangwe. Wengi walijitupa mtoni. Livingstone, aliyeshuhudia, aliandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa baina ya 330 na 400. Siku hiyo hiyo vijiji vya ng'ambo vilikuwa vikiungua, na moshi wake ulionekana kutoka Nyangwe.

Tukio hilo limeandikwa mara nyingi, na kwa haki. Lakini tuliangalie kwa jicho la makala haya. Julai ni katikati ya majira ya usiku wa baridi. Nyumba iliyoungua iliungua pamoja na rafu ya kuni, kitanda kilichoinuliwa na viramba vilivyokuwa ndani. Aliyeokoka mtoni alitoka amelowa. Aliyekimbilia porini hakuthubutu kuwasha moto, kwa kuwa moshi ambao jana ungemtangaza kwa mnyama, leo ungemtangaza kwa mwenye bunduki. Mwindaji na familia yake walijikuta katika hali ya mawindo. Idadi ya waliokufa kwa risasi na maji ilikadiriwa. Hakuna aliyeuhesabu usiku uliofuata.

Hata hivyo ni lazima tujihadhari tusiligeuze kila kifo kuwa kifo cha baridi. Livingstone huyo huyo, alipokuwa Kabambare, aliandika habari za mateka waliokufa bila ugonjwa aliouona, wakionyesha mahali pa moyo kuwa ndipo panapouma. Yeye aliita hali hiyo kuvunjika moyo. Mtafiti hana ruhusa ya kuyafuta maneno hayo na kuweka kipimajoto mahali pake. Tunachodai ni kidogo zaidi, yaani kwamba mtu aliyenyang'anywa nyumba, nguo na moto amenyang'anywa uwezo wa kuishi katika nchi yake mwenyewe, na kwamba upotevu huo hauonekani katika daftari za pembe.

Kipimo cha pili kinatoka Kasongo. Nyangwe ilianguka mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Dhanis, tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Hinde, aliyekuwa daktari wa msafara huo, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1897 kwamba hata askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri na atlasi, katika vitanda vya nakshi vyenye vyandarua. Ndani ya miaka ishirini na miwili kutoka ule moshi wa 1871, joto la nchi lilikuwa limekusanywa katika vyumba vichache vya mji mmoja, kisha likabadili mwenyewe kwa siku moja ya vita. Aliyefuma viramba hakurudishiwa kitu.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, baridi ya Maniema ni baridi ya maji, na mwindaji wa huko aliikabili kwa kuni kavu, kitanda kilichoinuliwa, mtego na moto wa kubebwa kuliko kwa wingi wa nguo. Pili, biashara ya pembe iliingiza nguo iliyoleta hadhi lakini haikuufaa msitu, na kwa hiyo wageni walitegemea joto la wenyeji. Tatu, pale utegemezi huo ulipogeuka kuwa unyang'anyi, waliopoteza joto walitoweka katika maandishi.

Kazi iliyobaki ni ya lugha. Kiswahili cha Kongo, kilichoitwa Kingwana, kilikuzwa katika miji hii hii, na hadi leo ndicho lugha kuu ya Maniema. Ndani yake, na katika lugha za jirani zake, yamo majina ya kuni kwa jinsi zinavyowaka katika mvua, ya aina za umande, ya mahali pa kukaukia mwindaji kabla hajaingia nyumbani. Msamiati wa namna hiyo haukusanywi kwa kusoma daftari za wasafiri. Unakusanywa kwa kuketi na wazee karibu na moto, alfajiri, kabla jua halijaukausha umande.