Kabla ya Kufomati: Historia ya Kuokoa Mafaili Tukianzia Mautuma

Leo tuache kidogo lugha za programu turudi nyuma. Nataka tutazame historia ya kazi moja ambayo kila fundi wa kompyuta amewahi kuombwa aifanye, nayo ni kutoa mafaili ya mtu kwenye mashine iliyokataa kuwaka, kabla haijafutwa na kuwekewa mfumo endeshi upya. (Wengine mtaniambia niseme tarakilishi. Sawa, lakini fundi wa sokoni husema kompyuta, nami leo niko naye.)

Nitaanzia Mautuma. Kwa wasiopajua, Mautuma ni wadi katika eneo bunge la Lugari, kaunti ya Kakamega, sehemu ya wakulima wa mahindi, ambako ukitaka kipuri cha kompyuta huna budi kupanda gari uende Eldoret au Kitale. Umbali huo ukumbukeni, maana ndio uliotengeneza historia yenyewe.

Katika miaka ya 2000 kompyuta ya sehemu kama hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya shule, ya kanisa, au ya duka la kupiga chapa. Ndani yake mlikuwa na mitihani ya muhula iliyotungwa na mwalimu, hesabu za kikundi cha akina mama, orodha ya michango ya mazishi, na picha za watu ambao wengine hawapo tena. Shule zenye somo la Kompyuta zilikuwa pia na miradi ya KCSE ambayo mwanafunzi huifanya kwa miezi mingi. Hakuna aliyekuwa na nakala ya pili. Mashine nyingi zilikuwa za mitumba, zilizotumika kwanza Ulaya au Marekani. Shirika la Computers for Schools Kenya, kwa mfano, lilianza mwaka 2002 kwa kazi hiyo ya kukarabati kompyuta kuukuu na kuzipeleka shuleni. Halafu stima ilikuwa inapotea bila kuaga. Stima ikikatika wakati Windows inaandika kwenye diski kuu, kesho yake unawasha mashine unapata kioo cheusi na maneno kwamba NTLDR haipo.

Fundi akiitwa, jibu lilikuwa moja: "Mwalimu, hii ni ya kufomati tu."

Tusimlaumu haraka. Kufomati kulikuwa na bei inayojulikana, na baada ya saa moja au mbili mteja aliona mashine ikiwaka. Kuokoa mafaili kungeweza kula siku nzima na mwishowe mteja akatae kulipa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ya kiufundi ambayo naona haisemwi vya kutosha. Enzi za Windows 98 ungeweza kuwasha mashine kwa disketi ya DOS ukanakili barua zako, ingawa majina yangekatwa yakabaki kama BARUAY~1.DOC. Windows XP ilipotoka Oktoba 2001 ilileta majumbani mpangilio wa diski unaoitwa NTFS, ambao Microsoft walikuwa nao tangu 1993 kwenye Windows NT ya maofisini. Disketi ya DOS ikikutana na NTFS haioni kitu. Kwa hiyo Windows ikifa, mafaili yalionekana kama yamekufa nayo, ingawa kwa kweli kilichoharibika kilikuwa faili moja au mbili za mfumo, na barua zote ziko palepale zilipokuwa.

Njia iliyobaki ilikuwa kufungua kasha, kung'oa diski, kupanga upya kile kipini kidogo cha nyuma, na kuifunga kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Njia nzuri sana, ila inataka kompyuta ya pili. Soko lenye kompyuta moja litaitoa wapi?

Jibu lilitoka Ujerumani. Mwaka 2000 mhandisi Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux nzima iliyokaa kwenye CD moja. CD ya megabaiti 700 ilibeba programu za takriban gigabaiti 2 zilizobanwa, na zilikuwa zikifunguliwa kadiri zinavyohitajika. Unaiweka, unawasha, na kompyuta inaamka kutoka kwenye CD na kufanya kazi ndani ya kumbukumbu yake bila kuigusa diski kuu. Diski ya Windows inaonekana kama folda tu. Unafungua, unanakili kwenye flashi, umemaliza.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha kama mtengenezaji programu. Linux ya miaka ile ilikuwa inaweza kusoma NTFS lakini haikuaminika kuiandika. Programu ya ntfs-3g iliyotatua hilo ilifikia toleo lake la kwanza imara mwaka 2007. Watu waliuona huo kuwa upungufu. Lakini kwa mtu anayeokoa mafaili ulikuwa ulinzi, kwa sababu CD isiyoandika haiwezi kuharibu zaidi.

Shida ilikuwa kuipata hiyo CD. Pigeni hesabu: megabaiti 700 kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ni saa 29 hivi, simu isikatike hata mara moja. Kenya ilikuwa bado inategemea setilaiti. Waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Basi kwa mtu wa mbali na mji posta ilikuwa na kasi kuliko intaneti. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa na huduma ya ShipIt: unajaza fomu, na CD zinatumwa bure popote duniani. Sanduku la posta la shule au la kanisa lilitosha. Kuanzia toleo la Juni 2006, CD hiyohiyo moja ya kusakinisha iliweza pia kuwashwa bila kusakinisha chochote. Huduma ilifungwa mwaka 2011.

CD hizo zilitumwa ili watu waiache Windows. Mafundi wengi walizitumia kuokoa mafaili, kisha wakairudisha Windows ileile, tena mara nyingi ya CD ya kudurufu. Wapenzi wa Linux walikasirika. Mimi sioni ubaya: mwenye mitihani yake ameipata.

Virusi navyo vina sehemu yao. Brontok, kilichotoka Indonesia mwaka 2005, na Conficker, kilichoonekana mwishoni mwa 2008, vilisafiri kwa flashi. Ndugu zao wengine walikuwa na mchezo mchafu: vinazificha folda zako halisi na kuweka mahali pake programu zenye majina yaleyale na picha ya folda. Mwenye mashine anabonyeza, hapati kitu, anaamini kazi yake imeliwa, anaomba ifomatiwe. Ni mafaili mangapi yaliyofutwa kwa njia hiyo ilhali yalikuwa yamefichwa tu! CD ya Linux iliyaonyesha yote, kwa kuwa haijali alama ya kuficha ya Windows. Februari 2011 Microsoft walisambaza marekebisho ya kuzuia flashi kujiendesha zenyewe, lakini kompyuta isiyo na intaneti haikuyapokea.

Na yule aliyekwisha fomati? Si wote walipoteza kila kitu. Kwenye XP, hata ile fomati ndefu ilikuwa inakagua tu sehemu mbovu za diski. Haikuandika juu ya data. Kilichofutwa kilikuwa orodha ya yaliyomo, kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa mbele. Mfaransa Christophe Grenier alianza kutoa PhotoRec mwaka 2002, programu inayopuuza orodha na kuipitia diski nzima ikitafuta mianzo ya mafaili inayoijua. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza kwa baiti FF D8 FF. Majina hayarudi. Unapewa maelfu ya picha zenye namba tupu, unakaa kuzichambua mojamoja. Na pale Windows mpya ilipokwisha kaa juu yake, hapana kitu. Vista ilipokuja mwaka 2007, fomati ndefu ilianza kuandika sifuri diski nzima, na mlango huo ukafungwa.

Milango mingine ilifuata. Windows 7 ya mwaka 2009 ilianza kuziambia diski za SSD ni sehemu gani zimefutwa ili zisafishwe mapema, kwa hiyo PhotoRec mara nyingi haikuti kitu huko. Kubwa zaidi ni ufungaji wa diski kwa siri. Ukisakinisha upya Windows 11 ya toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024, na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, kwa kawaida diski inafungwa yenyewe. Ni ulinzi mzuri laptopu ikiibwa. Lakini siku Windows inapokataa kuwaka, fundi anayekuja na flashi yake ya Linux haoni folda tena, anaona diski iliyofungwa, na nakala ya ufunguo iko kwenye akaunti ya barua pepe ambayo pengine ilifunguliwa na muuzaji siku mashine iliponunuliwa. Nenosiri lake analikumbuka nani?

Kwa hiyo kama mashine yako ingali inawaka, ingia kwenye mipangilio yake uangalie kama diski imefungwa, na ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya nani. Ni tarakimu 48. Zinaenea kwenye mistari miwili mitatu ya daftari la kawaida.