Jezi ya Nchi, Mshahara wa Klabu

Juni 27, 1972, katikati ya mji wa Winnipeg, Kanada, maelfu ya watu walifurika kwenye makutano ya barabara za Portage na Main kumtazama mtu akisaini karatasi. Mtu huyo alikuwa Bobby Hull, mfungaji aliyewanyima makipa usingizi kwa miaka 15, na siku ile alikabidhiwa hundi ya dola milioni 1. Alikuwa anaiaga Chicago na ligi kongwe ya hoki, NHL, anahamia Winnipeg Jets katika ligi mpya iliyoitwa WHA, ambayo ilikuwa bado haijacheza hata mechi moja.

Septemba ya mwaka huohuo Kanada ilikuwa na miadi na Umoja wa Kisovieti: mechi nane, nne nyumbani na nne Moscow. Hull alishatajwa kikosini. Jina lake likafutwa. Mguu wake ulikuwa mzima na hakuwa na kosa lolote, ila mkataba wake haukuwa wa NHL, na NHL ndiyo iliyokuwa ikitoa wachezaji. Waziri Mkuu Pierre Trudeau aliomba aachiwe acheze, hakusikilizwa. Mdogo wake, Dennis Hull, naye mchezaji wa Chicago, alitaka kujitoa kwa uchungu wa kaka yake. Bobby ndiye aliyemsihi aende. Dennis akaenda Moscow, Bobby akabaki nyumbani.

Naanza na ndugu hawa wawili kwa sababu swali la kama wachezaji wa hoki wa kulipwa wazichezee nchi zao huwa linatupiwa mchezaji. Ana uzalendo au hana? Pesa zimempofusha? Nimeifuatilia historia hii tangu mwanzo wake, zaidi ya miaka 100 sasa, na sijaona kipindi ambacho wachezaji wenyewe ndio waliokataa kwenda. Walizuiwa, na kila zama ilikuwa na mzuiaji wake.

Tuelewane kwanza kuhusu mchezo wenyewe. Msomaji wa Nairobi akisikia hoki atawaza magongo ya nyasini, tena kwa haki, maana Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, Barcelona mwaka 1971. Ninayoizungumzia hapa ni hoki ya barafu: watu sita kila upande pamoja na kipa, viatu vyenye makali ya chuma, na mahali pa mpira kuna kisahani cheusi kigumu kinachoruka kwa kasi ya gari la barabara kuu. Afrika Mashariki si wageni kabisa katika mchezo huu. Katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu ambako timu ya Ice Lions ya Kenya imekuwa ikijifunza, na mwaka 2018 vijana wake walipelekwa Kanada, wakacheza mechi huku Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wa NHL, wakivaa jezi moja nao.

Olimpiki ya kwanza kuwa na hoki ya barafu ilifanyika Antwerp, Ubelgiji, Aprili 1920. Kanada iliwakilishwa na klabu moja, Winnipeg Falcons, vijana ambao karibu wote walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Iceland. Wengi wao walikuwa wametoka kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na wenzao wawili hawakurudi. Waliifunga Sweden 12-1 na kuchukua dhahabu. Nahodha wao, Frank Fredrickson, muda si mrefu akaanza kucheza kwa malipo, na kuanzia siku hiyo mlango wa Olimpiki ukafungwa kwake, kwani sheria ilitaka mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa. Mtu yuleyule, miguu ileile, kilichobadilika ni bahasha ya mwisho wa mwezi.

Kwa miaka 30 Kanada haikuumia sana na sheria hiyo. Ilipeleka klabu za ridhaa zikarudi na vikombe. Kisha mwaka 1954, huko Stockholm, Wasovieti wakaja kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza na kuinyuka Kanada 7-2. Miaka miwili baadaye wakachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Cortina. Kwenye karatasi, wachezaji wao walikuwa wa ridhaa. Wengi walihesabiwa kuwa askari wa jeshi, wakila mshahara wa jeshi na kuichezea klabu ya jeshi, CSKA Moscow. Kazi yao ya kila siku ilikuwa hoki. Baadaye, chini ya kocha Viktor Tikhonov, walikaa kambini sehemu kubwa ya mwaka, mbali na wake na watoto wao. Siwalaumu wachezaji wale, walikuwa mafundi wa ajabu. Ila aliyewaita wa ridhaa alijua anachokifanya.

Kanada ilijaribu kuwajibu kwa njia ya uungwana. Padri Mkatoliki, David Bauer, alikusanya wanafunzi wa chuo kikuu kule Vancouver akawafanya timu ya taifa: asubuhi darasani, jioni barafuni. Wakapata shaba mwaka 1968. Lakini vijana wa darasani hawawezi kuwapiga kila mwaka watu wasiofanya kazi nyingine. Mwaka 1969 Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu likakubali Kanada itumie wachezaji tisa wa kulipwa, tena wasiokuwa wa NHL, katika ubingwa wa dunia wa 1970 uliopangwa kufanyika Montreal na Winnipeg. Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Avery Brundage, akaonya kwamba atakayecheza nao ataweka rehani nafasi yake ya Olimpiki. Januari 1970 shirikisho likageuka. Kanada ikasusa, mashindano yakahamishiwa Stockholm, na nchi iliyoupa mchezo huu sheria zake ikakosa Olimpiki mbili, 1972 na 1976.

Ndiyo maana zile mechi nane za 1972 ziliwakamata watu moyo namna ile. Kwa mara ya kwanza wale wa kulipwa, waliosemwa kuwa bora duniani, walikutana na jeshi la Moscow. Mechi ya kwanza, Montreal, Kanada ilichapwa 7-3. Ilimaliza mbele kwa tofauti ya ushindi mmoja, kwa bao la Paul Henderson zikiwa zimebaki sekunde 34 mechi ya nane iishe.

Wapo wanaosema mashindano ya mataifa yana ladha zaidi bila wa kulipwa, na ushahidi wao mkubwa ni Lake Placid, Februari 22, 1980: vijana wa vyuo wa Marekani, chini ya kocha Herb Brooks, waliifunga timu ya Kisovieti 4-3, timu iliyokuwa imewachakaza 10-3 siku chache nyuma. Siku mbili baadaye wakaifunga Finland na kubeba dhahabu. Nami siku ile naiheshimu. Lakini mtazameni beki Ken Morrow. Februari alivishwa dhahabu akiwa wa ridhaa, na Mei ya mwaka uleule akainua Kombe la Stanley, taji la NHL, na New York Islanders akiwa wa kulipwa. Kati ya siku hizo mbili, ni kitu gani kilikuwa kimeharibika ndani yake hadi asistahili tena jezi ya nchi?

Mwaka 1986 Kamati ya Olimpiki ikaondoa kizuizi chake. NHL ndipo ilipobaki mlangoni: msimu wake una mechi zaidi ya 80 kwa kila timu, na Olimpiki huja Februari, katikati kabisa. Ubingwa wa dunia hufanyika Mei, wakati mtoano wa Kombe la Stanley unaendelea, hivyo huenda wale tu ambao klabu zao zimeshatolewa. Ilichukua mpaka 1998, Nagano, Japani, ligi kukubali kusimama kwa mara ya kwanza.

Nagano ndiyo jibu langu kwa mtu yeyote anayeuliza kama inafaa. Nusu fainali, Kanada na Jamhuri ya Cheki. Kanada ilikuwa na Wayne Gretzky, mfungaji aliyekuwa amewazidi wote katika historia ya NHL hadi siku ile, na ilisawazisha ikiwa imebaki dakika moja tu na sekunde chache. Ikawa 1-1, muda wa nyongeza ukaisha bila bao, wakaingia kwenye penalti. Langoni kwa Wacheki alisimama Dominik Hašek, mtu mwembamba anayelala, anayeviringika, anayetupa gongo lake na kuokoa kwa namna isiyofundishwa na kocha yeyote. Robert Reichel akawafungia Wacheki mkwaju wa kwanza. Kwa Kanada walikuja Fleury, Bourque, Nieuwendyk, Lindros, Shanahan. Watano wote Hašek akawanyima. Kocha wa Kanada hakumchagua Gretzky kupiga, na mechi ilipokwisha mtu yule alibaki ameketi peke yake benchini akitazama barafu, wakati wenzake wakianza kuondoka. Vikombe alikuwa navyo, pesa alikuwa nazo. Mshahara haumlizi mtu namna ile. Kisha Wacheki wakaifunga Urusi 1-0 kwenye fainali, na uwanja wa mji mkongwe wa Prague ukajaa watu hadi pasipo pa kukanyaga.

Sasa upande wa wenye klabu, nao niutendee haki, kwa mtu huyohuyo. Februari 2006, Turin. Hašek sasa ni kipa wa Ottawa Senators, timu iliyokuwa ikielekea kumaliza kileleni mwa kanda ya mashariki. Mechi ya kwanza ya Olimpiki, dhidi ya Ujerumani, akaumia paja dakika za mwanzo tu. Hakucheza tena msimu ule. Ottawa ikatolewa raundi ya pili na Buffalo, klabu ileile iliyokuwa yake enzi za Nagano. Mwaka 2014 kule Sochi, John Tavares aliumia goti akiichezea Kanada dhidi ya Latvia, na New York Islanders wakamkosa hadi msimu unaisha. Aliyenunua tiketi ya msimu mzima kumtazama Tavares ana lalamiko la kweli.

Lakini lalamiko hilo lina dawa, na sisi mashabiki wa kandanda tunaijua. Klabu ya Ulaya haipendi kumwachia mchezaji wake kwenda AFCON, lakini inamwachia, kwa sababu kalenda ya FIFA inaibana, na tangu 2012 FIFA ina mfuko wa kuzifidia klabu mchezaji anapoumia akiwa na timu ya taifa. Hoki haina mkono wenye nguvu hiyo. Shirikisho la dunia haliwezi kuiamuru NHL chochote, kwa hiyo kila baada ya miaka minne watu hukaa mezani upya kujadili nani alipe bima na nauli. Kamati ya Olimpiki ilipoacha kulipia gharama hizo kwa ajili ya PyeongChang 2018, ligi ikasema haisimami. Alexander Ovechkin wa Washington alikuwa ametangaza waziwazi kwamba ataenda kuichezea Urusi liwe liwalo. Mwishowe naye alikubali kubaki.

Ni kweli kwamba bila wachezaji wa NHL Ujerumani ilifika fainali ya 2018 na kuwa chini ya dakika moja kuikamata dhahabu. Hadithi tamu, nami niliifurahia. Lakini ukiuliza timu bora duniani mwaka ule ilikuwa ipi, hakuna anayeweza kukujibu kwa uhakika. Na NHL ilipoandaa mashindano yake yenyewe, Toronto mwaka 2016, Anže Kopitar wa Slovenia na Zdeno Chára wa Slovakia walijikuta wakivaa jezi ya timu iliyoitwa Ulaya. Jezi hiyo hakuna mtoto wa Ljubljana aliyewahi kuiota.

Msimamo wangu ni kwamba waende, kila mara, na klabu zilipwe fidia kamili bila kunung'unikiwa. Wachezaji wenyewe wameshasema wanachotaka. Mwaka 2020 walihakikisha safari ya Olimpiki za 2022 na 2026 inaingia kwenye makubaliano yao ya kazi na ligi. Ya 2022 ilizimwa na korona. Februari 2024 ikatangazwa kwamba watakuwepo 2026 na 2030.

Katikati ya kungoja huko, Februari 2025, ligi iliandaa mashindano mafupi ya mataifa manne. Fainali ilichezwa Boston, Kanada na Marekani, 2-2 hadi muda wa nyongeza. Connor McDavid akaachwa peke yake mbele ya lango na kuimaliza. Kipa aliyefungwa alikuwa Connor Hellebuyck, Mmarekani, ambaye klabu yake ni Winnipeg Jets. Mji mzima uliokuwa ukimshangilia wiki baada ya wiki, mji wa Falcons na wa hundi ya Bobby Hull, uko Kanada. Usiku ule ulitaka afungwe. Siku chache baadaye akarudi, akavaa jezi yao, akasimama langoni.