Programu ndogo, kazi za kila siku: kutoka marufuku ya 1974 hadi steshenari za Buseresere

Katoro na Buseresere zimeshikana kiasi kwamba mgeni hajui ameacha moja saa ngapi na kuingia nyingine, ingawa hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa Machi 2012, mpaka kati ya miji hiyo ulikuwa ndio mpaka wa Mwanza na Kagera. Ni miji ya biashara iliyoinuliwa na dhahabu. Na kama ilivyo katika miji yote ya aina hiyo nchini, kando ya barabara zipo steshenari: kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya kutoa kopi, na kijana ambaye kazi yake hasa ni kutatua shida za watu kwenye kompyuta.

Shida mojawapo, kwa miaka mingi sasa, ni ya flashi. Mwalimu analeta flashi yenye mtihani unaotakiwa asubuhi. Ikifunguliwa, mafaili yote yamegeuka njia za mkato, na ukibofya hakuna cha maana kinachofunguka. Wasiojua huifomati flashi, na kazi ya wiki nzima inapotea. Anayejua humwambia, “Subiri kwanza Mwalimu, vitu vyako vimo humohumo.” Anafungua lile dirisha jeusi la Windows na kuandika mstari mmoja:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Sekunde chache baadaye mtihani umerudi. Virusi havikuwa vimefuta chochote. Vilikuwa vimeyabandika mafaili alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha vikaweka njia za mkato zenye majina yaleyale ili anayebofya avisambaze bila kujua. Herufi h na s zikitanguliwa na alama ya kutoa zinazibandua alama hizo. /S inaagiza kazi ifike hadi folda za ndani, na /d iziguse folda zenyewe. Amri hii ni ya enzi za DOS, miaka ya 1980, kabla baadhi ya vijana wanaoitumia hawajazaliwa. Anayechoka kuiandika kila mara hufungua Notepad, huiandika mara moja, na kuihifadhi kwa jina linaloishia na .bat. Kuanzia hapo ni kubofya mara mbili tu. Kwa jina hilo la .bat, kijana wa steshenari ameshatunga programu, hata kama hakuna aliyewahi kumwita mtunzi wa programu.

Historia ya kompyuta Tanzania huandikwa kwa mambo makubwa: mkongo wa mawasiliano, mifumo ya serikali, sera. Mimi naona historia ya programu hizi ndogo inaeleza zaidi jinsi watu walivyoizoea mashine yenyewe, na inaanza mahali pagumu.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine mambo yalivurugika, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata, lakini pengo lilibaki. Ni katika muongo huohuo ambapo wenzetu ng’ambo walikuwa wakivumbua vitu vidogo tunavyovitumia leo bila kuvifikiria. Larry Tesler na mwenzake Tim Mott, wa maabara ya Xerox huko California, waliwaangalia wahariri wa vitabu wakifanya kazi, na njia ya kukata, kunakili na kubandika maandishi ikapata umbo tunalolijua. Mwaka 1978, Dan Bricklin, akiwa mwanafunzi wa biashara Harvard, alichoshwa na hesabu ambazo ukibadilisha namba moja unalazimika kufuta na kuandika upya mstari mzima. Yeye na Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, iliyotoka 1979, na Excel ni kizazi chake.

Walivumbua vitu hivyo kwa kukaa karibu na mtu mwenye kero moja inayojirudia. Nikizipitia programu zilizofanikiwa kwetu, nakuta mambo yalikwenda hivyohivyo, na zilizokosa ukaribu huo zilipata taabu.

Mfano wa taabu ni ule ninaousikitikia kuliko yote. Mwishoni mwa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Sweden ya IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, bure kwa kila mtu. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, na kikagua tahajia cha Kiswahili kilichotokana na juhudi za wakati ule kipo hadi leo kwa anayetumia LibreOffice, mrithi wa OpenOffice. Lakini muhtasari wa kikao cha kijiji unachapwa kwenye Word, ambayo mara nyingi imewekwa Kiingereza tupu, na ukurasa mzima unapigiwa mistari myekundu kana kwamba kila neno ni kosa. Mchapaji akizoea kuipuuza, anaipuuza na pale alipokosea kweli. Hati ya mauzo ya kiwanja inatoka na jina la mnunuzi limekosewa. Dawa ilishatengenezwa karibu na nyumbani, ila haikufikishwa hadi kwenye meza ya anayeumwa.

Mradi wa pili ulifika mezani. Mwaka 2009 Wizara ya Afya na washirika wake, wakiwamo Novartis, Vodafone na IBM, walijaribu mfumo uitwao SMS for Life katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Hapakuwa na kompyuta kwenye zahanati. Kila wiki mhudumu alipokea meseji kwenye simu yake mwenyewe ikimwuliza dawa za malaria zimebaki ngapi. Akijibu, anapata salio la simu kama shukrani, na ofisi ya wilaya inaona nani kapungukiwa. Vituo 129 vilishiriki kwa wiki 21. Mwanzoni, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Mwishoni vilibaki asilimia 26. Programu yenyewe ilikuwa ndogo mno: swali, jibu, orodha.

Na M-Pesa, ambayo leo hata muuza nyanya wa Buseresere anaitumia, ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa ajili ya watu kurejesha mikopo midogo. Waliojaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, waendeshaji wakawasikiliza, ikazinduliwa Machi 2007 ikiwa huduma ya kutuma fedha, na Tanzania ikaingia 2008.

Sasa tuje kwenye dhahabu, kwa sababu hapa ndipo Buseresere na majirani zake wana kero ambazo hakuna mtu wa California atakayezikalia karibu.

Mnunuzi anayepima dhahabu kwa maji anaweka kipande kwenye mzani, anaandika uzito. Kisha anakining’iniza ndani ya maji na kuandika uzito wa pili. Tuseme hewani kina gramu 10.00, majini 9.42. Tofauti ni 0.58. Ukigawa 10 kwa 0.58 unapata msongamano, 17.24, na wa dhahabu safi ni 19.3. Kama kilichochanganyika nayo ni madini ya fedha, ambayo ni 10.5, kipande hicho kina dhahabu asilimia 86 hivi. Hesabu hii si ngumu kwa kompyuta hata chembe. Ni visanduku vichache vya Excel: unajaza namba mbili za uzito na bei ya siku, jibu linatoka. Lakini kwa mchimbaji mdogo aliyetoka mwaloni, penye kuchenjulia dhahabu, akiwa amechoka, anayeambiwa asilimia na mtu mwenye mzani, uwezo wa kujihesabia mwenyewe kwenye simu yake ni suala la riziki. Nadhani ni mojawapo ya programu ndogo zinazohitajika zaidi ukanda huu.

Serikali ilipunguza ugumu huo kwa njia yake. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, la kwanza nchini, na vituo vya ununuzi vikafuata. Muuzaji anapimiwa mbele ya ofisa, kisha hukatwa makato; soko lilipofunguliwa yalijumuisha mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, viwango vilivyokuja na mabadiliko ya sheria ya 2017. Kwa dhahabu ya shilingi 1,000,000, hapo zilikuwa 70,000. Sehemu hiyo inaeleweka na ina karatasi.

Mvutano unaanza baada ya hapo, kwenye mgawo. Mwenye leseni ana sehemu yake, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, yake, wachimbaji yao, na kabla ya yote kuna gharama zilizotangulia: chakula, mafuta ya pampu, magogo ya kuzuia kuta, karasha la kusaga mawe. Kila duara lina mapatano yake, kwa hiyo programu iliyotungwa mbali ikiwa na asilimia zilizoganda haifai kitu. Hesabu hiyo mara nyingi hukaa kwenye daftari la mtu mmoja, na aliyeshika daftari ndiye aliyeshika neno la mwisho. Daftari likilowa au likipotea, ugomvi hauna shahidi.

Zipo kero nyingine zinazosubiri mtu. Mifumo ya kuombea ajira na mikopo ya elimu inataka picha na vyeti visizidi ukubwa fulani, na mwombaji anahangaika kupunguza cheti kimoja kimoja kwa tovuti inayokula bando, huku nakala ya cheti chake ikibaki kwenye seva ya mtu asiyemjua. Kazi hiyo inaweza kufanywa palepale kwenye kompyuta ya steshenari, bila intaneti, kwa folda nzima mara moja. Hivyohivyo namba ya kitambulisho cha taifa: ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Kikagua kidogo kinachozilinganisha na tarehe iliyoandikwa kwenye fomu kingenasa makosa mengi kabla mwombaji hajapanda gari kurudi kijijini.

Lakini nikiulizwa pa kuanzia, nasema mgawo. Vijana wanaojua Excel wako palepale barabarani, na wenye maduara ni wateja wao wa kopi. Jedwali moja linatosha: juu gharama zinaingizwa siku zinapotokea, katikati gramu na bei iliyopatikana sokoni baada ya makato, chini asilimia za mapatano zinazoandikwa na wenyewe siku duara linapofunguliwa, na zisijumlike kupita mia. Siku ya kugawana linaprintiwa nakala tatu, ya mwenye leseni, ya mwenye duara na ya kiongozi wa wachimbaji, kila moja ikiwa na sahihi za wote.