Hataza za vifaa vya kuvalia lenzi za mguso

Hataza za vifaa vya kuvalia lenzi za mguso ni hati za kisheria zinazolinda ubunifu wa vyombo vya kumsaidia mtu kuweka lenzi juu ya jicho au kuitoa. Lenzi ya mguso hukaa juu ya jicho lenyewe na hutumiwa badala ya miwani. Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Hataza, vyombo hivyo vimo katika kundi A61F 9/00 pamoja na vifaa vingine vya tiba ya macho, ilhali lenzi zenyewe zimo katika G02C 7/04. Anayetafuta katika kundi moja tu hukosa sehemu kubwa ya habari.

Historia

Vyombo hivi vimefuata mabadiliko ya lenzi. Mwaka 1888 Adolf Eugen Fick, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zürich, alieleza lenzi ya kioo iliyofunika hata sehemu nyeupe ya jicho. Ilibidi ijazwe kimiminika kabla ya kuvaliwa, bila kumwagika wala kuingiza povu la hewa. Mwaka 1950 Kevin Tuohy wa Marekani alipewa hataza ya lenzi ndogo ya plastiki inayofunika konea peke yake. Lenzi ngumu kama hizo hushikika vizuri kwa kikombe kidogo cha mpira kinachonata kwa kufyonza.

Mambo yalibadilika kwa lenzi laini. Mwishoni mwa 1961 Otto Wichterle wa Chekoslovakia alizitengeneza nyumbani kwake Praha, kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto uitwao Merkur. Mwaka 1971 Marekani iliruhusu lenzi laini za Bausch & Lomb ziuzwe. Lenzi laini hujikunja, hunata kidoleni na huweza kugeuka ndani nje. Kwa hiyo wabunifu waligeukia vibano vyenye ncha laini. Baadaye kifungashio chenyewe kikawa chombo: kile chembamba cha kampuni ya Menicon ya Japani huielekeza lenzi ili mvaaji asiguse upande unaokaa juu ya jicho.

Wahitaji

Wanaohitaji zaidi ni wazee, wenye mikono inayotetemeka na wenye ugonjwa wa viungo. Pia wapo wenye konea iliyochongoka, ambao huvaa lenzi ngumu pana. Kwao kikombe cha zamani kimerudi, safari hii kikiwa juu ya kisimamio chenye taa ya kuelekeza jicho, ili mikono yote miwili ishike kope.

Mipaka ya hataza

Hataza huonyesha kwamba wazo ni jipya, si kwamba chombo ni salama. Kikombe kikinata juu ya konea lenzi ikiwa imehama, huweza kuijeruhi. Chombo kilichooshwa kwa maji ya bomba huweza kubeba vijidudu vya Acanthamoeba, vinavyoweza kupofusha. Kwa kawaida ulinzi wa hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi, na ni katika nchi ilikotolewa tu. Wazo la msingi la kikombe cha mpira halilindwi tena.